Mikono ya Mama Rupa

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu mwenyewe aliagiza kwamba historia yake isomwe kwa Kiswahili cha kwao Kisumu, kwa hiyo mnaolalamika kwamba watoto hawataelewa, kaeni nao karibu muwatafsirie.

Narinder Kaur, Mama Rupa, alizaliwa Kisumu tarehe 4 Machi 1957, kitinda mimba wa seremala, akasoma huko huko hadi kidato cha sita, akaja Birmingham Septemba 1976 kusomea kemia, baridi ikamlaza kitandani mwezi wa kwanza tu, lakini digrii akaipata.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa nyuklia, ambako, nyuma ya kioo kinene kuliko ukuta, walichoma vipande vya fueli ya mitambo mpaka vikaribie kuyeyuka, ili wajue fueli ikipata joto kupita kiasi hutoa sumu gani ya mionzi, iodini kiasi gani, sesiamu kiasi gani, na upepo ukiichukua itawafikia kina nani. Kila jioni mashine ya langoni ilimpima mionzi ikamkuta safi, lakini yeye, wapi! Hakuiamini hata kidogo.

Aliolewa na Jagdish, dereva wa basi, tarehe 14 Juni 1986, wakahamia Stechford, na tarehe 2 Novemba 1989 akazaliwa Rupa, mtoto wao wa pekee. Rupa akisikia ufunguo mlangoni alikimbia mikono wazi, na mama akarudi nyuma akimwambia, "Ngoja, mwanangu," akapanda bafuni, akanawa mpaka viwikoni, mara mbili, ndipo akamkumbatia. Jagdish alimtania kwamba atamaliza maji ya mji mzima. Rupa hakucheka, maana alichotamani ni kukumbatiwa pale pale mlangoni, walau mara moja. Mama alistaafu mwaka 2017, Jagdish akatutoka mwaka 2020, na kunawa hakukukoma.

Desemba iliyopita moyo ulianza kumsumbua, na ni moyo, madaktari wamethibitisha, kwa hiyo mnaonong'ona huko nyuma habari za mionzi, tafadhali tuacheni tulie. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2026 Rupa aliingia wodini, mama akafumbua macho, akamwona, akaitazama mikono yake mwenyewe, akasema, "Ngoja." Naye Rupa, kama alivyolelewa, akaenda kutafuta beseni na sabuni. Aliporudi na maji ya uvuguvugu, mama alikuwa ameshakwenda.

Jana, kwa desturi yetu, wanawake wa familia walimwogesha, na Rupa hakukubali mtu mwingine aiguse mikono ile, akaiosha mpaka viwikoni, mara mbili, akaifuta, akaizungusha shingoni mwake, akalia mpaka sauti ikamkauka. Jamani, hakuna aliyemwambia angoje.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Stechford mlioleta chai na chapati bila kuombwa, na wenzake wa maabara mliosafiri tangu alfajiri.

Mama Rupa, mikono yako ni safi, ilikuwa safi siku zote. Pumzika kwa amani.