Papa Venant na jeep ya macho ya mviringo

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamukumbuka Papa Venant wa Kadutu, hapa Bukavu. Alikuwa tolie, kazi yake kukata na kuchomelea mabati ya gari. Papa Venant, tolie. Alitutoka siku ya tatu ya juma hii.

Munajua ile jeep ya zamani, ya mataa mbili za mviringo sawa macho. Bukavu yote iliipenda. Kisha ikakuja ya mupya, mataa nyembamba. Tulicheka! "Hii iko na macho ya samaki." Wenye kuinunua walikimbia kwa Papa Venant: "Papa, utoe hii sura, utuwekee ile tunajua." Anakata, anachomelea. Gari mupya, uso ya zamani.

Miaka ikapita, tukazoea. Wale wale wakarudia: "Papa, turudishie ya samaki, watu wanatucheka." Papa akakasirika: "Si mulilia hapa mbele yangu?" Akakatala. Wakaenda kwa wengine. Mu parcelle, pale nyumbani kwake, ikabakia jeep moja tu, yake, ya mviringo.

Siku ya tatu asubui, kifua ikamukamata. Inafaa afike hopitali, kule Katana. Jirani yake Honoré akafungua mulango ya jeep yake ya mupya. "Papa, panda."

"Mimi? Ndani ya samaki? Nikufe kwanza!"

Wote wakacheka. Binti yake Charlène pia alicheka. Anatuelezea vile, na analia.

Wakaenda na ya mviringo. Kufika Miti, kijiji ya njiani, ikazima. Papa akasikiliza kidogo tu: "Pompe ya maji." Aliijua ile gari sawa mutoto wake. Lakini ile pompe hakuna mutu anaiuzisha tena, Bukavu nzima. Charlène akasukuma. Watu wa Miti wakasukuma. Kusukuma mpaka wapi? Akamuita Honoré ku simu.

Honoré alifika nyuma ya saa nzima. Charlène anasema: "Papa hakubisha. Tulimulalisha ku kiti ya nyuma. Akauliza, 'Honoré, unawasha gari wakati gani?' Honoré akamujibu, 'Papa, tunatembea tangu zamani, hii haina kelele.'"

Papa Venant alikufa mbele ya kufika Katana.

Pole sana Charlène. Pole Maman Colombe, mujane wa Papa. Pole Honoré, haukufanya kosa.

Na sisi, wapendwa, tufikiri kidogo. Ile sura ya zamani, ni sisi tulimuomba. Kisha tukabadilisha macho, tukamuachia peke yake.

Jeep ingali Miti, kando ya barabara. Ukipita pale, punguza mwendo.