Nilimsamehe Gwakisa, na Kesi Yake Ikaendelea

Sifa na utukufu ni vya Bwana, ndugu zangu, ninyi mlioketi ndani na ninyi mliojibanza barazani kukwepa mvua! Nimemwomba mchungaji nafasi ya kushuhudia, naye amenipa. Mnanijua. Mimi ni mama Lugano, fundi cherehani wa Ibighi, nashona sare za shule na magauni ya kwaya. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, na kwa hiyo nimezoea kueleza jambo kwa utaratibu. Nivumilieni. Mungu alinipitisha hatua moja baada ya nyingine, na sitaki kuruka hata moja.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mikono huongoza kitambaa, lakini kazi yote inaendeshwa na mguu wa kulia. Mume wangu, baba Lugano, analima migomba na kahawa kwao Masoko, na kahawa mnaijua, hulipa inapotaka yenyewe. Ada za watoto, sabuni na chumvi vilitoka kwenye mguu wangu.

Asubuhi ya ajali ukungu ulikuwa mzito. Nilikuwa natembea pembeni mwa barabara na furushi la sare kichwani. Lori la ndizi lilikuwa linapanda mlima polepole. Kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yake akachoka kusubiri, akalipita kwa kushoto, upande nilikokuwa mimi. Niliona taa tu. Nilipopata fahamu nilikuwa mtaroni, sare za watoto wa watu zimetapakaa kwenye matope, na mguu wangu wa kulia umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei.

Kijana yule ni Gwakisa, mtoto wa usharika huu huu. Wengine wangekimbia, yeye hakukimbia. Alivua koti lake akanifunika, akasimamisha gari, akanishika mkono mpaka hospitali. Askari wa usalama barabarani walikuja, wakapima barabara, wakachora, wakafungua faili. Mfupa wa chini ya goti ulikuwa umevunjika. Nikafungwa plasta ngumu, nikarudishwa nyumbani.

Ndugu zangu, sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu tunaanguka.

Kabla sijazoea magongo, ukoo wa Gwakisa ulikuja. Mama yake alikuwa mbele, nyuma yake wajomba, na kuku, na mkungu wa ndizi, kama ilivyo desturi yetu. Mzee Ambakisye, mzee wa kanisa, ndiye aliyewaongoza. Mama Gwakisa alipiga magoti sakafuni akasema, "Mama Lugano, huyu ni mwanao. Ukimfunga, umejifunga mwenyewe." Gwakisa alilia hadi akashindwa kusema. Nikamsamehe. Nawaambia mbele za Mungu, nilimsamehe kwa kweli, na ule msamaha sijaurudisha mpaka leo. Tukapika mbalaga, ndizi zile zile walizoleta, tukala chungu kimoja, mzee Ambakisye akaomba. Kwetu, watu wakishakula pamoja, neno limekwisha. Anayelirudia ndiye anayeonekana mbaya.

Kesho yake tulikwenda kituoni, pande zote mbili, tukamwambia askari kwamba tumemalizana. Akatuandikia karatasi, tukatia sahihi. Faili likawekwa pembeni. Tulitoka pale tunafurahi, tunapeana mikono. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua tulichokuwa tumefanya.

Plasta ilipokatwa, mguu ulikuwa umepinda. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Daktari wa Mbeya alitazama picha, akanieleza waziwazi: ni lazima nipasuliwe, mfupa unyooshwe na kuwekewa vyuma. "Bila hivyo utatembea, mama," alisema, "lakini mguu huu hautakanyaga cherehani." Gharama aliyoitaja hatukuwa nayo, wala shamba la Masoko lisingeweza kuitoa.

Hapo nikakumbuka kwamba pikipiki zina bima. Niliulizia, nikaambiwa ile ya Gwakisa ilikuwa na bima ndogo, ile inayomlinda mtu anayegongwa, na ilikuwa hai siku ya ajali. Bwana asifiwe! Nilikwenda Mbeya kwenye ofisi ya kampuni ya bima nikiwa na uhakika wote. Kijana wa pale alinipokea vizuri. Akasoma vyeti vyangu vya hospitali na nakala ya karatasi ya kituoni, kisha akaniuliza, "Nakala ya hukumu iko wapi, mama?"

"Hukumu ya nani?"

"Ya dereva. Sisi tunalipa kwa kosa la dereva. Mahakama haijasema kwamba alikosa. Na hapa naona mlimalizana."

Ndugu zangu, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi za watu. Karatasi niliyoitia sahihi kwa upendo ndiyo iliyonizuia mlangoni.

Nilianza kusoma. Mnanijua, nikishikwa na jambo nalisoma. Niliazima kitabu cha sheria kwa mwalimu mmoja. Nilisoma, nikaelewa nusu. Nusu nyingine nilielezwa na dada mmoja msaidizi wa kisheria pale mjini. Alisema hivi: kosa la barabarani ni kosa mbele ya Jamhuri. Mimi naweza kumsamehe mtu, lakini faili si langu kulifuta. Linaweza kufunguliwa tena. Gwakisa akikiri au akipatikana na kosa, bima italipa matibabu yangu na fidia, wala hazitatoka mfukoni mwa Gwakisa. Nilimwambia arudie mara ya pili, polepole, nikaandika.

Nikaenda kituoni kwa magongo. Askari yule yule alinitambua. "Mama, umekula kuku wa watu, leo unataka nini tena?" Wenzake wakacheka. Nikamweleza. Akakuna kichwa, akasema bila Gwakisa kukiri, na baada ya karatasi ile, itakuwa safari ndefu.

Habari zikatangulia kufika nyumbani kabla yangu. Mzee Ambakisye alikuja jioni ile ile. Sisemi haya kumvunjia heshima. Yuko hapa, na tumeongea. Aliniambia, "Binti yangu, umesamehe kwa mdomo, sasa unataka kumshtaki ndugu yako wa imani? Watu watasema nini kuhusu kanisa?" Kina mama wa kikundi chetu walianza kupunguza kunitembelea. Mama Gwakisa tulikutana sokoni, akageuza kikapu chake akapita njia nyingine. Hilo liliniuma kuliko mfupa. Nikamwambia baba Lugano kwamba nataka kuliacha jambo hili. Yeye si mtu wa maneno mengi. Alisema tu, "Wewe uache. Mguu je, utaacha?"

Niliomba. Lakini nawaambia ukweli, maombi yangu yalikuwa yamefungwa. Nikiomba hela, naona naomba dhidi ya Gwakisa. Nikiomba amani, naona naomba niwe kilema. Nilikaa katikati kama mtu aliyeshikwa mikono na watu wawili, kila mmoja anavuta kwake.

Sasa, Gwakisa tangu siku ya msamaha alikuwa na kawaida ya kuja Jumamosi kutusaidia shamba la nyuma ya nyumba, kwa hiari yake. Baada ya maneno kusambaa nilidhani hatakuja tena. Akaja. Akasalimia, "Ndaga, mama," akachukua jembe. Mimi nilikuwa barazani najaribu cherehani kwa mguu wa kushoto. Mguu wa kushoto haujui kazi ile. Gurudumu lilirudi nyuma, uzi ukakatika, sindano ikavunjikia kwenye gauni la kwaya. Nikaweka kichwa juu ya mashine nikalia, na sikujua kwamba ameacha kulima.

Alisimama pale na matope miguuni, akasema, "Mama, mimi nilisamehewa. Mguu wako haukusamehewa."

Ndugu zangu, Mungu alinena nami siku ile kwa kinywa cha dereva wa bodaboda!

Nikamwambia akae. Nikamweleza yote kwa mpangilio kama ninavyowaeleza ninyi, na sikumficha upande wake: anaweza kutozwa faini, anaweza kunyang'anywa leseni, anaweza hata kufungwa. Akauliza, "Na tajiri wangu?" Pikipiki haikuwa yake, alikuwa anapeleka hesabu kwa mwenye chombo. Nikamjibu kwamba hilo silijui. Nikamwambia pia, "Mwanangu, ukikataa, msamaha wangu uko pale pale. Sikuuzii." Akachukua jembe akamaliza tuta alilokuwa ameanza, akaaga, akaenda.

Jumatatu nikasikia kutoka kwa watu wa kijiweni. Gwakisa amekwenda kituoni mwenyewe, kasema anataka kesi yake iendelee. Askari walimuuliza kama amelewa. Wenzake kijiweni walimcheka, "Wewe Gwakisa, umejipeleka mwenyewe kama mbuzi wa sikukuu!" Mwingine akasema, "Muacheni, mbombo ngafu, kazi ni ngumu, anatafuta chakula cha bure gerezani." Tajiri wake aliposikia alichukua pikipiki siku hiyo hiyo. Gwakisa akabaki bila kazi.

Siku ya mahakama nilikwenda. Mama Gwakisa alikuwa amekaa benchi la mbele, hakunitazama. Karani alisoma shtaka, hakimu akamuuliza kama ni kweli. Gwakisa alisimama wima akasema, "Ni kweli, mheshimiwa. Nililipita lori kwa kushoto wakati sioni mbele, nikamgonga mama huyu. Alikwisha kunisamehe. Nimekuja ili atibiwe." Hakimu aliacha kuandika, akamwangalia. Kisha akauliza kama mimi nipo. Nikasimama kwa magongo yangu. Akauliza kama maneno yale ni ya kweli. Nikasema, "Ni kweli yote, mheshimiwa. Nilimsamehe zamani, na leo nimemsamehe tena."

Alitozwa faini. Hakufungwa! Na wale wale waliomcheka kijiweni walipitisha kofia ya helmeti, wakachanga, wakalipa. Mungu hutumia watu wake, na hutumia pia wale wanaocheka.

Tulipotoka nje, mama Gwakisa alinisubiri chini ya ngazi. Alichukua begi langu begani, akalibeba hadi stendi.

Kampuni ya bima haikulipa kwa wiki moja wala kwa mwezi mmoja. Ilirudisha vyeti, ikataka vingine, ikataka mihuri. Yule dada msaidizi wa kisheria alinifundisha kuwa na subira na kuhifadhi nakala ya kila kitu. Lakini ililipa, ndugu zangu. Nilipasuliwa Mbeya. Mguu ukanyooshwa, ukawekewa vyuma. Mwezi wa kwanza nililia kwa maumivu, uliofuata nikalia kwa furaha, kwa sababu nilikanyaga ile cherehani na gurudumu likaenda mbele. Magauni ya kwaya mliyoyaona asubuhi hii, yenye kola nyeupe, nimeyashona kwa mguu huu wa kulia. Utukufu kwa Mungu!

Gwakisa alibeba ndizi za watu kwa muda mrefu, akivuta mkokoteni. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kusema kweli hakukumgharimu. Kulimgharimu. Leseni aliachiwa, na sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, bado anapeleka hesabu. Mzee Ambakisye ndiye aliyemtafutia. Mzee, ndaga fijo, asante sana. Ulikuja nyumbani ukaniambia, "Nilidhani msamaha na mahakama haviwezi kukaa nyumba moja," ukaniomba nisimame leo nishuhudie.

Basi namshukuru Mungu, aliyenifungua pale nilipokuwa nimeshikwa pande zote mbili. Namshukuru baba Lugano, aliyeniogesha na kunipikia bila kunung'unika. Namshukuru mama Gwakisa, dada yangu. Na wewe Gwakisa, uliyekaa kule nyuma unatazama chini, inua kichwa, mwanangu. Mimi ni mzima.

Ndugu zangu, msiogope kusamehe. Sameheni mapema, sameheni kabisa, kuleni pamoja. Lakini faili mliachie liende, na kweli muiache isemwe, maana Mungu wetu haiogopi kweli. Mtumainini, hata pale mnapoona milango miwili na yote imefungwa. Na kama yupo hapa mtu aliyegongwa, aliyeweka sahihi kama mimi, na mwili wake bado unauma, anifuate baada ya ibada. Nitamsindikiza kituoni kesho asubuhi. Tutaomba njiani, na tutakwenda kwa miguu.