Binti Aliyekataa Kuonja

Asifiwe Mungu aliyeniacha nipumue hadi asubuhi hii, mimi niliyestahili kuozea gerezani.

Ndugu zangu, nitasema bila kujificha. Kule Luberizi nilikuwa katekista. Asubuhi nafundisha amri za Mungu, jioni nalewa kanyanga, na nikilewa mkono wangu unatafuta mtu. Mama wa watoto nilimvunja meno mawili. Watoto wakisikia baiskeli yangu walikimbilia kwenye mpunga.

Siku ya mahari ya binti yetu mkubwa, wakwe walizunguka mtungi wa pombe, mirija mikononi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kunywa. Mnajua desturi yetu: mgeni hanywi kabla mtu wa nyumba hajaonja, aone hakuna sumu. Nikamwita mdogo wake bibi arusi, wa miaka kumi na sita.

“Onja, mama,” nikambembeleza binti.

“Minye sinywi, papa. Mwingine aonje.”

Mkwe mmoja akaweka mrija chini, akacheka. “Hata mtoto wao anaiogopa. Iko nini humu ndani?”

Wote wakaweka mirija chini.

“Weye unaniharibia mahari?” nikamuuliza.

Akawageukia wageni. “Haina sumu. Ni ile inayomupiga mama.”

Ndugu zangu, nawaambia, nilichukua mchi. Pigo la kwanza lilimvunja mkono. La pili lilimpasua juu ya sikio, damu ikarukia mtungi. La tatu lingemuua. Wenzake wa kwaya waliokuja kuimba siku ile, wasichana kwa wavulana, wakamlalia kumfunika. Msichana mmoja lilimpata begani, hakuondoka. Akasema, “Katekista, hata kwetu iko hivi. Sisi wote tuliahidiana kutogusa pombe wala bangi. Haya, tupige tuishe.”

Nikawatazama. Wote nilikuwa nimewafundisha mimi. Lakini kuikataa pombe hawakujifunza kwangu. Walijifunza kwa ngumi za baba zao. Mchi ukaniponyoka.

Wakwe waliondoka. Binti alishonwa, akahamia kwa shangazi yake, kule Nyamianda. Akatuma neno: “Nitarudi papa akipanda mpunga na kuuvuna bila kulewa.”

Nikaiacha pombe, nikatetemeka, nikatapika. Msimu wa kwanza nilianguka kwa jirani, chupa nzima. Nikangoja kupanda tena. Msimu wa pili nilivuna nikiwa na akili zangu, naye akaja, mkono umepona umepinda. Hakunikumbatia. Aliuliza tu, “Papa, umekula?” Nikalia kama mtoto.

Ndoa ya dada yake ilifungwa baadaye, kwa soda.

Namshukuru mke wangu aliyeniombea kwa mdomo niliouvunja, muuguzi aliyemshona mtoto, na vijana wale. Wazazi, kijana akikataa kuonja, msimwite mwenye kiburi. Ameshaona mengi nyumbani. Wekeni nyinyi chupa chini kwanza.

Nawe unayepokea maneno haya, Mungu aifanye nyumba yako mahali ambapo mtoto akisikia unakuja, anakimbilia mlangoni.