Nilivyozama Katika Maji ya Magotini

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, ninyi mlio mbele na ninyi mnaojificha kule nyuma karibu na mashine ya kahawa. Mimi ni Mama Solange wa kwaya ya kina mama, wa mtaa huu huu wa Bredäng. Wiki tatu zilizopita nilisimama mahali hapa mkanipokea kwa vigelegele, kwamba nimetolewa kilindini mwa bahari. Mlikuwa mmefunga kwa ajili yangu. Mchungaji alihubiri juu yangu. Mlinipikia wali na nyama ya mbuzi, nikala, nikaongeza sahani ya pili. Leo nimeomba dakika kumi nishuhudie upya, kwa sababu ushuhuda ule ulikuwa na tundu.

Naomba mtu asitoke kwanza.

Ndugu zangu, mimi nimeogopa maji tangu siku tuliyovuka Ziwa Tanganyika tukikimbia vita. Boti ilijaa watu kupita kiasi, upepo ukatukuta katikati. Mdogo wangu Amisi, wa miaka saba, alikuwa ameshika pindo la kitenge changu. Tulipofika ng'ambo kitenge nilikuwa nacho, Amisi sikuwa naye. Sisemi zaidi ya hapo. Waliovuka wananielewa.

Halafu Mungu, ambaye naye anapenda utani, akanileta Stockholm, mji ambao ukigeuka huku maji, ukigeuka kule maji. Treni ikitoka kituo cha Slussen inapita juu ya maji, na mimi hufumba macho na kunena kwa lugha mpaka ng'ambo. Wasweden wanahama viti bila kusema neno. Nyumbani kwangu kuna beseni refu la kuogea, miaka yote nimeweka humo magunia ya unga wa muhogo, naoga kwa ndoo. Na siku ya ubatizo wangu, Mchungaji, kunja shati uwaonyeshe mkono. Alama za kucha bado zipo.

Hayo yalikuwa mateso yangu peke yangu, nilishayazoea. Kosa langu ni kwamba nilimgawia mtoto. Mjukuu wangu Neema, binti wa Solange, ana miaka saba. Amezaliwa hapa, na akitoka shule anakaa kwangu mpaka mama yake atoke kazini. Kila nilipomsuka nywele nilimwambia: mwanangu, maji yanakula watu. Nilidhani namlinda.

Siku moja Solange akaingia kwangu bila hata kuvua koti. "Mama, mwalimu amenipigia simu. Watoto wote wanajifunza kuogelea, Neema anakaa ukingoni na nguo zake. Anasema maji yanakula watu. Nani amemfundisha hayo?"

Nikasema labda ni televisheni. Kichwa nimekiinamisha, ndugu zangu.

Basi akatafuta safari ya wiki moja, sisi watatu, kwenye ufuko wa watoto huko Krete. Nikamwambia, Krete? Kati ya visiwa vyote? Mtume Paulo alipita baharini pale, na meli yake mnajua iliishia wapi. Tena mtume huyo huyo alishaandika habari za watu wa kule kuwa waongo. Solange akasema, "Mama, utakuja, kwa sababu wewe ndiye uliyemfungia mtoto mlango huu." Ndipo nikawaomba mfunge na kuomba, mkafunga kweli, Mungu awabariki.

Sasa ufuko wenyewe. Mimi nilitegemea bahari inayonguruma. Nikakuta maji yametulia kama yamo kwenye sufuria kabla moto haujawashwa. Akina mama wameweka watoto wachanga humo ndani. Wazee wameingiza viti vya plastiki majini, wamekaa wanasoma magazeti. Mimi nikajiweka juu kabisa, karibu na magari, na kitenge cha kwaya na soksi, nisiguswe hata na mchanga uliolowa. Neema akakaa kando yangu amevaa viatu. Siku ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Nilimwona Solange anafuta machozi kwa taulo, nikajisikia vibaya sana.

Siku ya tatu akamshika mwanawe mkono wakaingia polepole. Mimi nikashika simu kuwatumia ujumbe wa sauti, kina mama wa kwaya. Mnakumbuka ulivyoanza, nawasalimu, nawaambia jua la huku halina tofauti na la kwetu Uvira. Kidole kiko kwenye kitufe. Nikainua macho. Solange amerudi kuchukua chupa ya maji, na Neema yuko kule mbali, amesimama peke yake katikati ya bahari.

Ndugu zangu, sikumwona Neema. Nilimwona Amisi.

Nilikimbia na soksi zangu. Hatua tano majini kitenge kikanifunga miguu, nikaanguka kifudifudi, chumvi puani, chumvi machoni. Ndipo nilipopiga ile kelele mliyoisikia: "Kina mama, ninazama, niombeeni!" Kidole kikaachia kitufe, ujumbe ukawafikia, na simu ikafa hapo hapo. Nikapapasa nikakamata kitu kigumu, nikaking'ang'ania kama Yakobo na malaika, nikakemea pepo wa baharini kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Ulikuwa mguu wa mzee. Mzee wa watu amekaa kwenye kiti chake, maji hayajafika hata kwenye kaptula, anasoma gazeti. Hakupiga kelele. Alilikunja gazeti vizuri, akaliweka mapajani, akanishika kiganja na kusubiri.

Neema akaja kwa miguu, taratibu, maji yako mapajani mwake. Akaniita mormor, bibi kwa Kisweden, maana Kiswahili chake huja kikisukumwa. "Mormor, simama tu."

Nikasimama. Maji yalinifika magotini.

Neema akacheka. Sikuwahi kusikia mtoto huyu akicheka karibu na maji. Nami nikafanya jambo ambalo sijui lilitoka wapi, kama si kwa Bwana: nikakaa tena chini, mle mle majini, kwa hiari yangu. Neema akakaa kando yangu. Nikalia, nikamwambia habari za Amisi, ambazo hata Solange nilikuwa sijamsimulia zote. Akaniuliza, "Alijua kuogelea?" Nikasema hapana, hakuna aliyemfundisha. Akafikiri, kisha akasema, "Mimi nitajifunza."

Mpaka wiki inaisha alikuwa anaelea chali, mkono wangu chini ya mgongo wake. Huo ndio wokovu wangu, na ulikuwa unatosha. Ningeusema hivyo hivyo.

Lakini nilirudi Jumapili nikawakuta mnalia kwa furaha, mkanipa kipaza sauti, na harufu ya yule mbuzi ikanifikia kutoka jikoni. Nikasema kulikuwa na wimbi. Nikasema wimbi refu kama dari hili. Ndugu zangu, hakukuwa na wimbi. Wakrete hawakunidanganya hata neno moja, mwongo alipanda ndege hapa hapa Stockholm.

Na Neema alikuwa amekaa mstari wa tatu, ananisikiliza.

Jumanne iliyofuata mwalimu akapiga simu tena. Neema amerudi ukingoni na nguo zake. Mama yake akamuuliza kulikoni. Akajibu, "Mormor amesema kanisani alizama kwenye wimbi. Mimi niliona maji mafupi. Kwa hiyo mimi sijui kuona maji." Nimeishi na neno hilo siku zote hizi.

Nisameheni. Mbuzi siwezi kumrudisha. Neema, mwanangu, njoo hapa mbele, usiogope. Waonyeshe maji yalimfika bibi wapi.

Mnaona mkono wake ulipo? Tazameni vizuri, na ninyi wa kahawa mtazame. Mtoto huyu macho yake ni mazima. Bibi ndiye aliyekuwa mgonjwa, na Mungu amemponya kwa aibu, nami namshukuru kwa aibu hiyo.

Ndugu zangu, humu tuko wengi tuliovuka. Kila kiangazi nawaona pale ziwani, hapa chini ya Bredäng, mmekaa kwenye nyasi na majaketi, watoto wenu wanawaita majini nanyi mnajifanya mnachambua mchicha. Mtumainini Bwana, njooni Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na taulo. Neema amesema atarudi kwenye somo lake akiniona mimi nimeingia maji ya huku, yale ya baridi. Nitaingia, na yeye atanishika pindo la kitenge. Tukifika magotini tutasimama, nitamtaja Amisi kwa sauti, halafu tutaongeza hatua moja.