Mama Ottilia Hakuipitisha Barabara Ile

Tarehe 30 Juni 2025, Mama Ottilia Nazari Kapinga anastaafu utumishi wa umma akiwa Afisa Ugani, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Ishirini ya kwanza aliifanya hapa Lihangwi, milimani Mbinga, alikozaliwa. Iliyobaki aliifanya katika kata ya mwambao wa Ziwa Nyasa, jirani na Mbamba Bay. Kamati ya hafla imeniomba mimi, Damiano Hyera, diwani wenu wa zamani, niandike wasifu wake, kwa kuwa nilifanya naye kazi kuliko kiongozi mwingine yeyote. Waliomba uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi mpaka pale nitakaposhindwa.

Aliporipoti kazini mwaka 1991, akitoka chuo cha kilimo, wazee walicheka waziwazi. “Huyu si mtoto wa Nazari, tuliyekuwa tukimfukuza kwenye miwa yetu? Leo ndiye atufundishe kulima?” Walikuwa na haki. Mmatengo hafundishwi ngolo. Tangu enzi za mababu tunafyeka majani mteremkoni, tunayalaza kwa mistari inayokatana, tunayafukia kwa udongo, na katikati panabaki mashimo yanayoyashika maji ya mvua ili yasiteremke na shamba. Ottilia aliwajibu kwamba ngolo wanazijua kuliko yeye. Yeye alikuja kwa ajili ya mibuni.

Mibuni ya Lihangwi wakati huo ilikuwa imezeeka, mirefu, haizai. Aliwaambia waikate ibaki visiki ili ichipue upya. Nani angekubali? Basi akachukua msumeno akaanza na shamba la baba yake, Jumapili moja, mzee akiwa kwenye misa. Mzee Nazari aliporudi alimgeukia mkewe: “Mke wangu, huyu mtoto tulimzaa sote, au mimi nilikuwa safarini?” Hakusema na binti yake msimu mzima. Visiki vilipochipua na matawi kuinama kwa kahawa, mzee huyohuyo alikuwa akiwatembeza wageni shambani na kuwaeleza jinsi wazo hilo lilivyomjia yeye usingizini. Ottilia hakumkanusha hata siku moja.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Wenzake walitembelea wakulima siku za jua. Yeye alitoka mvua ikinyesha, kichwani amejifunika mfuko wa mbolea, akapanda mlimani kuangalia maji yanapita wapi. Wake zetu walimwonea huruma wakamwita ndani akaote moto. Alikuwa akikataa, akisema mlima ukikauka huficha mambo yake.

Mimi nilikuwa na namna nyingine. Nilishinda udiwani mara tatu, na sikushinda kwa hila. Nilikuwa wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Nilijua babu wa kila mtu alitokea mlima upi. Nilijua wimbo gani uimbwe wapi, na mzee gani asalimiwe kabla ya mwenzake. Kabla ya siasa nilikuwa mwalimu wa sekondari, nikifundisha uraia, na maana ya utawala bora niliiandika ubaoni kwa chaki mpaka naikumbuka leo bila kutazama. Pamoja na hayo yote niliamini kwamba aliyechaguliwa ameshatawala vema, kama mtu anayedhani kwamba akishakubaliwa posa, watoto wameshalelewa.

Sasa nifike kwenye barabara.

Agosti 2010, uchaguzi ukiwa umekaribia, nilimwomba mkandarasi mmoja aliyekuwa akitengeneza njia kuu atuazime katapila. Haja ilikuwa ya kweli. Watu wa kitongoji cha juu walikuwa wakiteremsha wagonjwa kwa machela. Ottilia alipanda mlimani, akapigilia vijiti kuonyesha njia ipite wapi: izunguke mgongo wa mlima, ipitie kigangoni, ichimbiwe mitaro. Ilikuwa njia ndefu. Isingekamilika kabla ya kura. Isitoshe, ilipita nyuma ya mlima, nami nilitaka barabara inayopanda moja kwa moja, ambayo mtu akisimama uwanja wa mkutano aione yote, nami niinyooshee kidole.

Alinikuta pale mashine ilipokuwa ikinguruma, watu wamejaa.

“Mheshimiwa, unapasua ngolo za watu kutoka juu hadi chini. Hata mchunga mbuzi wetu hawezi kuchora mstari namna hii kwenye mlima.”

“Mama Ottilia, hiyo yako ya kuzunguka nani ataiona?”

“Wataipita, Mheshimiwa. Si lazima waione.”

Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika, kwamba kama ni kura yake tu, hiyo naweza kuikosa. Watu wakaangua kicheko. Mama Ottilia hakucheka.

“Mvua haina kura,” alisema. “Ndiyo maana huiogopi.”

Akang’oa vijiti vyake kimoja kimoja, akaviweka begani, akaondoka. Barabara ilifunguliwa kwa ngoma na vigelegele. Edina, mke wa mkulima mwenzetu Cleopa, ndiye aliyeongoza wachezaji, na alinitania kwamba sasa hata mume wake hatakuwa na kisingizio cha kuchelewa kurudi nyumbani. Oktoba nikashinda kwa kura nyingi kuliko zote nilizowahi kupata.

Machi iliyofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Maji ambayo ngolo zetu zilikuwa zikiyashika tangu enzi za mababu yalipata njia iliyonyooka, na njia hiyo nilikuwa nimeyapa mimi. Yaliteremka na mahindi, na mibuni ya Mzee Nazari, na mawe. Nyumba ya Cleopa ilikuwa chini, pale barabara ilipoishia. Edina alikuwa jikoni akipika mboga. Tulimtoa kwenye tope jioni.

Kwenye msiba huo, kabla ya kwenda makaburini, Cleopa alisimama mbele ya watu akauliza swali moja tu: “Nani aliipitisha barabara hii?” Mimi ndiye niliyekuwa naongoza shughuli. Nilisimama, nikavua kofia, nikasema kwa huzuni ambayo ilikuwa ya kweli kabisa, “Ndugu zangu, wataalamu wetu walikagua.”

Sikutaja jina. Kata nzima ilikuwa na mtaalamu mmoja.

Watu wote waligeuka kumtazama. Alikuwa amekaa na akina mama, khanga imemfika usoni. Wapo waliosikia maneno yake kwenye katapila mwaka uliopita, lakini walikuwa wamecheka pamoja nami, na aliyecheka hupenda kusahau alichokuwa akikicheka. Baadaye Ottilia aliniambia alikuwa akisubiri maziko yaishe nisahihishe mwenyewe. Maziko yakaisha, matanga yakaisha, nikawashauri wakubwa wilayani wamhamishe kwa usalama wake. Ndivyo nilivyosema: kwa usalama wake. Waliniamini, kwa kuwa nilikuwa mtu wa watu.

Mwambaoni walimpokea Mmatengo anayeogopa maji. Safari yake ya kwanza ya mtumbwi alijilaza chini akisali rozari kwa sauti, na mpiga kasia, Bernadi, akamsihi: “Mama, sali polepole, unatutikisa.” Wenzake wa huko wananiambia kwamba baada ya miaka mitatu alikuwa akikaa ukingoni mwa mtumbwi akitafuna dagaa wa usipa wa kukaanga na kumkosoa Bernadi namna ya kupiga kasia. Muhogo wao ulikuwa ukioza ardhini kwa ugonjwa. Aliwaletea mbegu inayostahimili, akaipanda kwanza kwenye kiwanja cha nyumba aliyopangishwa na Bi Sumaiya, mwenye duka, ambaye alilalamika kwamba ameruhusu mpangaji akapata shamba. Leo muhogo huo umeenea kata nzima. Walimpa kitanda cha mninga kama zawadi ya kumuaga, na wakamwomba asiondoke.

Angeweza kubaki. Lakini amejenga nyumba hapa Lihangwi, kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, kinachotazamana na nyumba mpya ya Cleopa, na anataka kuzeekea kwao. Ndugu zake wanamkataza, nao wana sababu. Mama yake alipofariki mwaka 2019, wanaume wa ukoo wa Cleopa hawakushika jembe. Hapa kwetu kaburi huchimbwa na wote, hata mahasimu. Siku ile lilichimbwa na wajomba na vijana wa kigango, na Ottilia alisimama akiona nani hakuja. Mwezi uliopita alimsalimia Cleopa njiani, na Cleopa akapita. Ile barabara sasa ni korongo, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wanaliita Korongo la Ottilia. Nimelisikia jina hilo kwa masikio yangu nikiwa nimekaa uani kwangu, nikanyamaza, nikaendelea kunywa chai. Kuanzia leo naomba liitwe Korongo la Hyera. Walimu wa shule ya msingi wanisaidie.

Nilimwita Ottilia nyumbani kwangu kumweleza kwamba nitayaandika haya. Aliniamkia kama zamani, “Shikamoo, Mwalimu,” akakaa kwenye kiti kilicho karibu na kitanda changu, akasikiliza mpaka mwisho.

“Andika,” alisema. “Ila usinifanye mtakatifu. Watu watashindwa kuja kwangu kwa sababu nyingine.”

Nikamuuliza kama atanisamehe.

“Hilo niache kwanza nimalize kuezeka jiko, Mwalimu.”

Kisha akanipangia mto vizuri, akaondoka kabla mvua haijamkuta njiani, yeye ambaye zamani alikuwa akiifuata.

Nimeomba ukurasa huu usomwe ukumbini, watu wakiwa bado hawajagawiwa chakula, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Na Cleopa, mdogo wangu kwa umri, najua utakuja, kwa kuwa parokia imekualika na wewe si mtu wa kukaidi parokia. Uliuliza swali mbele ya watu, nami nakujibu mbele ya watu: barabara ile niliipitisha mimi, peke yangu, nikiwa nimeshakatazwa na mtu mmoja aliyejua, na nilimkatalia kwa sababu nilitaka ionekane. Edina alikufa kwa ajili ya ushindi wangu. Daktari amenieleza hali yangu kwa upole, lakini nimemwelewa. Usisubiri mavuno yaishe. Njoo unichambe nikiwa bado nasikia.

Mama Ottilia, kwa niaba ya watumishi wenzako, wakulima wa milimani na wa mwambaoni, tunakushukuru kwa kahawa, kwa muhogo, na kwa kutuambia ukweli wakati tulipokuwa tukicheka. Mungu akujalie afya, mvua za kiasi, na jirani wa ng’ambo ya njia atakayepiga hodi kuomba chumvi.