Saga za Mlangoni kwa Nicanor Walubengo

"Mimi sihitaji mtu! Nikiona njaa, nanyosha mkono mlangoni." Hayo marehemu Nicanor Walubengo aliyasema mbele ya kanisa zima, sikukuu ya mavuno mwaka 1937, amekumbatia fungu la saga, ile mboga chungu ya mgagani, kubwa kuliko mtoto wa pasta. Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Alizaliwa Kimilili mwaka 1909. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akatoka na hesabu, Zaburi chache na ubishi mwingi. Mwaka 1928 alikuja Eldoret, akaajiriwa kupima magunia ya mahindi ya masetla karibu na stesheni.

Mwaka 1933 alimwoa Rael. Chumba cha landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi, hakina shamba, basi wakapanda saga kwenye madebe mlangoni. Majirani walipita wakichuma bila kuomba, maana kwao anayeomba mboga ni mgeni. Nicanor akazungusha waya.

"Baba, waya hii haizuii mbuzi," Rael alimwambia. "Inazuia watu."

"Ndiyo kazi yake."

Mwaka 1941 Rael alirudi Kimilili kulima shamba la wazee, na mwaka 1944 homa ikamchukua huko. Hawakuwa wamejaliwa mtoto.

Saga zikabaki na mlaji mmoja. Saga isiyochumwa hukimbilia maua. Majani hupungua, hukomaa, nayo hufa imesimama. Marehemu aliziangalia zikiisha hivyo, na madebe yana maji. Akapanda upya, akang'oa waya, akatangaza landhi nzima: njooni mchume. Wiki zikapita, hakuja mtu. Jioni aliketi mlangoni, na kila mguu uliopita aliugeukia.

Hatimaye akaja Mama Jelagat, muuza maziwa. Akasimama mbali.

"Mzee, umezitia dawa?"

"Dawa gani?"

"Mtu ametunyima miaka yote, leo anagawa?"

"Hata mimi nashangaa, Mama. Chuma kabla sijabadilisha nia."

Baada yake wakaja wengine. Lakini anayechuma mboga haketi. Kwa hiyo marehemu akawa na mbinu: "Polepole, umeruka jani la chini. Na lile pale." Hivyo alipata dakika mbili tatu zaidi za maongezi. Alisema saga ndizo zilizomfundisha: kinachochumwa ndicho kinachochipua.

Mwaka 1955 vumbi la mahindi lilimkaa kifuani. Alikohoa, akaendelea kumwagilia. Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, Mama Jelagat alikuja kuchuma akakuta madebe makavu. Ndipo akasukuma mlango.

Ameacha dada yake Nasike, mpwa wake Wilson Khisa, na landhi nzima iliyokula mlangoni pake. Apumzike kwa amani, na asipumzike peke yake.

Saga zote zimepikiwa waombolezaji. Anayetaka nyingine aende sokoni, fungu moja ni senti kumi.