Théodore Unega, Fundi Aliyefunga Kazi Saa Sita

Wapendwa mliokuja kulia pamoja nasi, na ninyi watoto mlioketi mbele kwenye mikeka, familia inaomba utulivu kidogo, ili tuwasomee njia ambayo ndugu yetu mkubwa Théodore Unega alipita katika dunia hii.

Alizaliwa Mahagi tarehe 3 Mei 1955, mtoto wa pili wa muzee Michel na mama Suzanne, akasoma shule ya msingi kule kule toka 1962 hadi 1968, kisha akaja hapa Bunia kujifunza useremala, akapata cheti chake mwezi wa saba 1972. Alifanya kazi kwa wengine miaka minane, na mwaka 1981 akafungua atelye yake ya useremala hapa mtaani Nyakasanza. Tarehe 7 Julai 1979 alikuwa amemuoa Charlotte, binti kutoka Boga, na Mungu akawapa Hervé, Abigaël na, mwaka 1995, kitinda mimba wao Priscille.

Wale waliomjua zamani wanakumbuka kwamba Théodore aliingia atelye kabla ya jua na kutoka wakati wa taa, hata Jumamosi, siku ya posho, watoto wake walikuwa wamelala alipofika, na bado milango mingi ilirudishwa kwake kwa sababu haikufunga vizuri.

Mwezi wa tisa 1999, vita ilipowafukuza watu wa Djugu, fundi Katsuva alifika mjini na watoto wake bila hata msumari, nyumba na vyombo vyake vyote vimeungua. Théodore alikuwa na meza moja ya kazi, randa moja na msumeno mmoja, na usiku hakuna aliyethubutu kubaki nje, basi akakata siku katikati, asubuhi yake, mchana wa Katsuva. Charlotte aliogopa, akamuuliza kama nusu ya siku itatosha kulisha watu watano.

Juma la kwanza lilikuwa baya. Théodore aliacha mezani mbao alizokwisha kuranda kwa kitanda cha bwana arusi Fiston, mchana Katsuva akazikuta, akafikiri ni za mabenchi ambayo parokia ilimwagiza, na jioni mabenchi yakapelekwa kanisani. Siku iliyofuata mama ya Fiston akaja kuona kitanda, wakamweleza, akawatazama wote wawili.

“Sasa Fiston na bibi yake wataenda kulala mu kanisa?”

Walicheka mpaka wakaketi chini, kisha wakaweka sheria ambayo vijana wa atelye wanaifuata mpaka leo: saa sita meza inabaki tupu, kitu ulichoanza kimekwisha ama kimefungwa kamba na kuwekwa pembeni. Ndiyo maana Théodore alianza kuchagua kazi moja kila asubuhi, akapima mara mbili kabla ya kukata, wakati mkono bado una nguvu, na baada ya miezi michache milango iliacha kurudishwa, na sufuria ya Charlotte haikupungua kitu.

Siku ya kwanza alipofika nyumbani mchana, Priscille, aliyekuwa na miaka minne, alimwona mlangoni akakimbia jikoni.

“Mama, ule muzee wa usiku amekuja na jua.”

Théodore alitusimulia jambo hilo mara nyingi. Toka siku ile alipanda maharagwe nyuma ya nyumba pamoja na Hervé, alimsikiliza Abigaël akisoma, alirudi kuimba katika korasi ya kanisa, na Priscille alijifunza herufi kwenye mapaja yake.

Mwaka 2001 Katsuva alipata vyombo vyake, akahamia karibu na soko, mchana wa atelye ukawa wazi tena. Mfanyabiashara Claude alileta kazi kubwa ya milango ya depo yake ya bidhaa, akataka Théodore arudie kufanya kazi siku nzima. Ilikuwa kazi ya kutamanisha, naye alirudi nyumbani akiwaza. Charlotte, yule yule aliyeogopa mwanzoni, alimwambia akiendelea kupepeta mchele:

“Baba Hervé, saa sita tunakungojea.”

Kesho yake aligawa milango na Katsuva, nusu kwa nusu, nayo ikakwisha kabla ya tarehe ya Claude.

Mwezi wa kumi mwaka ule ini lilianza kumsumbua, akaingia hospitali tarehe 21 Januari 2002, na tarehe 14 Februari, mchana, akatutoka, mkono wake mkononi mwa Charlotte.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhangaikia hata dawa zilipokuwa haba, majirani waliotuletea maji na kuni, wanakorasi, na mafundi wote, wewe Katsuva wa kwanza. Shukrani ya mwisho ni ya watoto. Priscille ana miaka saba, na jana, wageni walipomuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani, hakumtafuta mkubwa wa kumjibia, alieleza mwenyewe mpaka chai ikapoa.

Kaka, umetuachia mengi ya kusimulia. Pumzika sasa katika amani ya Bwana.